Risasi ya uso kwa uso si uoga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Mbale aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba mchezaji wa gemu za ndege za kivita anayefyatua risasi akiwa uso kwa uso na mwenzake ni mwoga, na kwamba katika mashindano anayoyaandaa mwezi Desemba mtu wa namna hiyo ataondolewa papo hapo. Simfahamu mwandishi huyo, lakini naona nia yake ni njema: anataka vijana wacheze kwa heshima. Ila kanuni anayoitaka itawaadhibu wasio na hatia na kuwaacha wenye makosa, na mimi nina vijana wanaojiandaa kwenda huko.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina chumba cha gemu hapa Walukuba, Jinja: kompyuta sita, jenereta ndogo nyuma ya ukuta, na mabenchi ya wanaosubiri zamu. Mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, kwa hiyo hadi leo ukisimama mlangoni kwangu utasikia Kisoga, Kiacholi, Kilugbara na Kinubi. Lakini ndege ikishika moto kwenye skrini, kelele zote hutoka kwa Kiswahili. Kabla ya kompyuta nilisomea ufundi wa ndege Soroti, kwenye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971, enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kazi ya ndege sikudumu nayo, lakini mapenzi yake hayajaniacha. Vijana huniita Senga, yaani shangazi, na wakigombana juu ya ndege huniletea mimi kesi.

Kwa wasiocheza nieleze kidogo. Gemu inayopendwa zaidi kwangu ni War Thunder ya kampuni ya Gaijin, kwa kuwa huingii kwa malipo, na hata kompyuta dhaifu inaimudu ukishapunguza ubora wa picha. Watu wanaingia uwanja mmoja wa vita kupitia intaneti, wanagawanywa timu mbili, kila mmoja na ndege yake. Nyingi ni za Vita vya Pili vya Dunia: Spitfire ya Waingereza, Messerschmitt 109 ya Wajerumani, Zero ya Wajapani, Thunderbolt ya Wamarekani. Mwanzoni kila upande unapaa kutafuta urefu, kisha makundi mawili yanakutana angani yakitazamana. Ugomvi wote unazaliwa hapo.

Ndege mbili zinazokwenda kilomita 500 kwa saa kila moja zikielekeana, zinakaribiana kwa kilomita 1,000 kwa saa, yaani mita 278 hivi kila sekunde. Zikiwa zimeachana kilomita moja, hazijatimia sekunde nne zimeshapishana au zimeshagongana. Mwenye busara anaanza kufyatua kwenye mita 800 na anakwepa kabla ya mita 300, hivyo muda wa kulenga haufiki hata sekunde mbili. Msomaji wa Mbale anauita muda huo bahati nasibu. Si kweli. Thunderbolt ina bunduki nane za milimita 12.7 kwenye mbawa, na injini yake ya silinda 18 zilizopangwa kwa duara hupozwa kwa hewa. Inaweza kupigwa na kuendelea kunguruma. Zero ile ya mwanzo wa vita ilikuwa na mizinga miwili ya milimita 20 inayouma kweli, lakini haikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani wala matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Messerschmitt na Spitfire injini zao zinapozwa kwa maji. Rejeta au bomba likitobolewa, injini inakufa baada ya dakika chache hata kama rubani hajaguswa. Kuna pia mahali bunduki zilipokaa. Za kwenye mbawa hulengeshwa zikutane umbali fulani mbele ya ndege, na adui akiwa karibu au mbali kuliko hapo risasi hutawanyika. Lightning, ndege nyingine ya Wamarekani ambayo silaha zake zote ziko puani, inapiga mstari mmoja ulionyooka. Anayezijua ndege hizi anajua kabla ya kukutana ni nani wa kumkabili na ni nani wa kumkwepa. Huo ni ujuzi, na unachukua muda kuupata.

Tena marubani wenyewe wa vita ile walifanya hivyo kwa kufuata mafunzo. Mmarekani Claire Chennault, aliyewaongoza marubani wa kujitolea nchini China mwaka 1941 na 1942, aliwakataza wasizungushane na ndege za Kijapani, kwa sababu zilikuwa nyepesi na zilikata kona vizuri kuliko ndege zao za P-40. Aliwafundisha kutumia walichokuwa nacho: mwendo wa kushuka, bunduki nzito na ndege ngumu, na hayo yote yanang'aa mnapokutana uso kwa uso. Upande wa pili, Novemba 1942 juu ya Saint-Nazaire, Ufaransa, Mjerumani Egon Mayer aliongoza marubani wake kuzishambulia B-17, ndege kubwa za mabomu za Wamarekani, kutokea mbele, baada ya kugundua kwamba mbele ndiko zilikokuwa na kinga hafifu. Wamarekani walijibu kifundi: B-17G ikatoka na kibanda cha bunduki mbili chini ya pua. Watu wale walikufa kweli, na sipendi vijana wangu wazungumzie vita ile kama mchezo. Nawataja kwa sababu msomaji wa Mbale aliandika kwamba "rubani wa kweli" hafanyi hivyo. Rubani wa kweli alifanya, na alikuwa na sababu.

Basi kwenye vita ya timu, watu kumi na zaidi kila upande, msimamo wangu ni huu: ukimwelekezea mtu pua yako, umekubali naye akuelekezee yake. Mchezaji wa omweso, bao letu la Uganda, hamlaumu mwenzake kwa kula kete alizoziacha wazi. Ungeweza kugeuka mapema, ukapanda, ukashuka, au ukamwita mwenzako. Ukichagua kuja moja kwa moja, matokeo ni yako. Na hali ya mchezo inabadilisha uzito wa jambo. Kuna hali nyepesi ya gemu hii ambapo skrini inakuwekea alama ya mahali pa kulenga mbele ya adui, na ukianguka unachukua ndege nyingine. Huko kulalamikia risasi ya mbele ni kulalamikia gemu yenyewe. Kwenye hali inayofanana zaidi na uhalisia alama hiyo haipo, na mara nyingi ukianguka unakaa kuwatazama wenzako hadi mwisho. Huko mwenye akili hukwepa uso kwa uso bila kukatazwa na mtu, maana anakuwa na ndege moja tu ya kupoteza.

Kukwepa kunafundishika, na natamani waandaaji wa mashindano wangetumia muda wao hapo kuliko kwenye kutoa watu nje. Adui akiwa bado mbali, kilomita mbili au zaidi, na pua yake imekuelekea, usimfuate kwenye mstari wake. Sogea pembeni, bora zaidi, shuka kidogo chini yake. Ukiwa chini ya pua yake, ili akulenge lazima asukume usukani mbele na kuinamisha ndege, na pua ya ndege yake mwenyewe inamziba asikuone. Kuinamisha pua ghafla kuliwatesa hata marubani halisi. Spitfire na Hurricane za mwanzo, ndege za Waingereza zenye injini ya Merlin, zilikuwa zikifanywa hivyo injini inakohoa na kukata nguvu, kwa sababu kabureta ilivurugika, ikakosa mafuta kisha ikafurika. Aliyeituliza shida hiyo mwaka 1941 ni mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling wa kituo cha ndege cha Farnborough, Uingereza, kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu la kupima mafuta yanayopita. Jina lake nimelibandika ukutani juu ya kompyuta ya kwanza, na kila binti anayeingia kwangu nahakikisha ameambiwa habari zake.

Turudi angani. Mkikaribia kupishana, anza kugeuka kabla adui hajakupita. Yule aliyeng'ang'ania kulenga mpaka mwisho atakupita akiwa amenyooka, wakati pua yako tayari inazunguka kuuelekea mkia wake. Ndiyo maana naamini mtu anayetegemea risasi ya mbele peke yake hafiki mbali. Akikosa, amekwisha toa nafasi. Wachezaji wazuri watamla kila siku bila kanuni yoyote kuandikwa, na mwenyewe ataacha.

Sasa nije kwenye jambo ninalokubaliana na ndugu wa Mbale. Pambano la wawili, mmoja kwa mmoja, mliloahidiana, hilo ni kitu kingine. Pale wachezaji wanataka kujua nani anajua kurusha ndege kuliko mwenzake: nani anatunza mwendo, nani anasoma kona ya mwingine, nani anajua lini apande na lini asubiri. Wanaanza wakiwa urefu mmoja, mbali, wanaelekeana, wanapishana, ndipo shindano linaanza. Kufyatua kwenye kupishana huko kwa kwanza ni kuliua shindano kabla halijazaliwa. Marubani wa jeshi la Marekani wenyewe, wanapofanya mazoezi ya mapambano, hawaruhusiwi kuigiza shambulizi la bunduki kutokea mbele, na wanatakiwa waachane angalau futi 500, kama mita 150. Sababu yao ni usalama, maana wao wakigongana hawaamki. Yetu ni kwamba tumekuja kupima ufundi.

Na kwetu Uganda kuna sababu ya ziada ambayo barua ile haikuigusa. Nchi yetu haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inatoka Mombasa, kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS zilizofika pale mwaka 2009, kisha inasafiri nchi kavu hadi kwetu; na seva tunazochezea ziko Ulaya. Hata vijana wawili waliokaa kwangu viti vya jirani, kila wanachofanya kinavuka bahari kwenda na kurudi. Chukulia kucheleweshwa ni milisekunde 200. Kwa ule mwendo wa mita 278 kwa sekunde, ndege unayoiona mbele yako na mahali ilipo hasa vinapishana kwa karibu mita 56. Spitfire nzima urefu wake haufiki mita 10. Kwa hiyo kwenye skrini yako umeshakwepa na umeshapita salama. Kwenye skrini ya mwenzako bado uko mbele ya bunduki zake. Wote wawili wanaapa wamesema kweli, na wote wamesema kweli. Mmoja akimfukuzia mwenzake mkiani, tofauti ya mwendo ni ndogo na kosa hilo linapungua sana. Kwenye uso kwa uso linakuwa kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Hivyo katika pambano la wawili risasi ya kwanza ya mbele inaweza kuamuliwa na aliyenunua bando zuri zaidi, na hilo sitaki limwangushe mtoto wa Walukuba wala wa Mbale.

Kuna na suala la upande wa kupishia. Sheria ya anga ya kimataifa inasema ndege mbili zikielekeana kila moja igeuke kulia kwake, na Soroti mtu anaimeza sheria hiyo kabla hajagusa kitu kingine. Barabara zetu tunashika kushoto. Kijana aliyezoea boda anavuta kushoto bila kufikiri, mpinzani wake wa Ulaya anavuta kulia, wanakutana katikati. Nimeona mapambano mengi mazuri yakifia hapo, na kila mmoja akimshutumu mwenzake kwamba amemgonga makusudi. Andikeni kwenye kanuni: kulia, mpishane kushoto kwa kushoto. Neno moja hilo litaokoa magomvi mengi kuliko adhabu yoyote.

Kinachoniuma hasa ni matusi, na nasikitika barua ya Mbale iliyapita haraka. Kuna binti wa kidato cha tatu anayekuja kwangu siku za mapumziko. Anapenda Thunderbolt, na ana mkono mtulivu. Siku moja kwenye vita ya timu alikutana uso kwa uso na kijana aliyekuwa na Messerschmitt, kompyuta ya tatu kutoka yake. Messerschmitt ikawaka. Kijana akasimama, akaipiga kibodi kwa kiganja, akamwita mwoga, akaongeza maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, mengine ya kumdharau kwa kuwa ni msichana. Wenzake wakacheka. Binti akachukua mkoba wake akaondoka.

Gemu hii inahifadhi kumbukumbu ya pambano zima na unaweza kuitazama upya kutoka upande wowote. Niliwakusanya wote nikaifungua. Tukaona kijana ndiye aliyegeuza pua kwanza, akiwa mbali sana, akiwa na nafasi tele ya kushuka au kuzunguka. Tukaona mistari ya moto ya risasi zake ikitangulia kabla ya zile za binti. Alimfyatulia uso kwa uso, akakosa, yeye akapatwa, ndipo ikawa uoga. Sikuhitaji kuhubiri sana. Nilimwambia tu asiyekubali kushindwa si mshindani, nikamwondoa kwenye kiti kwa siku hiyo. Kwa binti nilituma mdogo wake amwambie nimemtunzia zamu. Alikawia kurudi, kwa muda wa kutosha nikaanza kufikiri nimempoteza.

Chini ya kanuni ya Mbale, binti yule ndiye angetolewa, maana risasi zake ndizo zilizoonekana kupiga. Aliyetukana angebaki kwenye kiti, na angeondoka akiamini amedhulumiwa. Ndiyo maana nimeandika.

Nawaomba waandaaji wayatenganishe mapambano haya ya aina mbili. Kwenye mapambano ya timu waache risasi ya mbele iwe halali, kama gemu yenyewe ilivyoiacha. Kwenye mapambano ya wawili wakataze kufyatua katika kupishana kwa kwanza tu. Baada ya hapo pua ikikutana na pua ni hiari ya wote wawili. Kugonga makusudi kukatazwe mwanzo hadi mwisho, hasa ile tabia ya mtu ambaye ndege yake imeshawaka akaamua afe na mwenzake. Ubishi ukitokea uamuliwe kwa kumbukumbu ya pambano, mbele ya wote wawili, sio kwa nani mwenye sauti kubwa chumbani. Umeme ukikatika au mtandao ukidondoka, pambano lirudiwe. Na matusi, kwa mdomo au kwa maandishi ndani ya gemu, hayo ndiyo yamtoe mtu nje, awe amepigwa kutokea mbele, nyuma au chini.

Waandaaji wakitangaza marekebisho hayo kabla usajili haujafungwa, Walukuba tutaleta timu ya watu wanne, na binti wa Thunderbolt ni mmoja wao. Wasipofanya hivyo nitakuja Mbale kutazama kwa heshima zote, lakini sitamsajili mtu.

Wako,
Mama Sauda,
Fundi wa kompyuta, Walukuba, Jinja